Nani Mwenye Ruhusa ya Kuifungua?

Hadi katikati ya karne iliyopita, ofisi ya Marekani iliyotumia mashine za IBM haikusumbuka na swali la kuipeleka wapi mashine iliyoharibika. Mashine haikuwa yake. IBM haikuuza mashine zake za kuchakata kadi. Ilizikodisha kwa mwezi, na ndani ya kodi hiyo mlikuwa na spea, matengenezo na fundi wa kampuni, aliyefika amevaa suti na shati jeupe, mkoba wa vifaa mkononi. Akimaliza kazi alirudisha mfuniko, akaondoka na ujuzi wake. Mteja alilipia kazi inayofanywa na mashine. Kilichomo ndani hakikumhusu.

Utaratibu huo ni mkongwe kuliko kompyuta yenyewe. Herman Hollerith, ambaye mashine zake zilihesabu kadi za sensa ya Marekani ya mwaka 1890, ndiye aliyewazoesha wateja kukodi badala ya kununua, na kampuni yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizoungana mwaka 1911 na baadaye kuitwa IBM. Kodi ilileta fedha kila mwezi, nayo ilimfunga mteja kwa kampuni moja katika kila jambo. Mwaka 1936 Mahakama ya Juu ya Marekani ililazimika kuikataza IBM isiwashurutishe wateja waliokodi mashine kutumia kadi zake peke yake. Kama hata karatasi ya kulisha mashine ilikuwa na masharti, mtu wa nje angewezaje kuruhusiwa kugusa gia na nyaya?

Mlango ulifunguliwa tarehe 25 Januari 1956. Serikali ya Marekani ilikuwa imeishtaki IBM miaka minne kabla kwa kuhodhi soko, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano yaliyotiwa muhuri wa mahakama. IBM ilitakiwa kuuza mashine zake, si kuzikodisha tu. Ilitakiwa pia kuwauzia spea wenye mashine, kwa bei ya haki na bila upendeleo, na kuwapa maelekezo ya ufundi watu waliofanya kazi ya kutengeneza mashine hizo nje ya kampuni. Kwa hiyo chaguo kati ya mtengenezaji na fundi wa kujitegemea, ambalo leo linaonekana kama jambo la kawaida la sokoni, lilizaliwa mahakamani. Historia yake tangu siku hiyo ni ya kupanuliwa na kubanwa, mara kwa sheria, mara kwa skrubu, mara kwa programu.

Miongoni mwa waliopita kwenye mlango huo ilikuwa kampuni ya Management Assistance, iliyojulikana zaidi kwa jina la MAI. Ilinunua mashine za IBM na kuzikodisha kwa wateja wake, na mkono wake wa ufundi, Sorbus, ukazihudumia. Jina hilo likumbukwe, kwa sababu litarudi miongo mitatu baadaye likiwa upande wa pili wa meza.

Afrika Mashariki iliingia katika habari hii kupitia mlango wa serikali. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza ingawa kiasili ilikuwa mashine ya kampuni ya Kimarekani ya RCA, RCA 301, iliyobadilishwa jina. Mnyororo ulikuwa mrefu hivyo: nchi changa inamtegemea muuzaji wa London, naye anategemea usanifu wa watu wa New Jersey. Mashine ya namna hiyo ikisimama, hapakuwa na fundi wa mtaani wa kuitwa. Kilichokuwepo ni mkataba na muuzaji, wataalamu wa kigeni na fedha za kigeni.

Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali maalumu. Uamuzi huo umelaumiwa mara nyingi kama hofu ya maendeleo, na ni kweli kwamba uliirudisha nyuma nchi katika fani hii. Lakini haukutoka hewani. Kazi za hesabu za serikali zilizowekwa kwenye kompyuta zilikuwa zimekwenda mrama, huku gharama za mashine na wataalamu zikiendelea kulipwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi ilizihitaji kwa mambo mengine. Nchi ambayo haina mtu wa kuifungua mashine, haina spea zake wala michoro yake, inakuwa imeinunua nusu tu. Hilo Dar es Salaam walilijua kwa machungu, kabla makundi ya kutetea haki ya kutengeneza hayajapata jina huko Marekani.

Tarehe 12 Agosti 1981 IBM yenyewe, bila kukusudia, iliwapa mafundi wa dunia zawadi kubwa kuliko zote. Kikundi kidogo cha wahandisi wake huko Boca Raton, Florida, kilikuwa kimepewa muda mfupi wa kuunda kompyuta ya mezani, na ili kuwahi kikatumia vifaa vilivyokuwa tayari sokoni: kichakataji cha Intel, diski za kampuni nyingine, programu endeshi kutoka Microsoft. Kompyuta hiyo, IBM PC, ilianzia dola 1,565. Ndani yake mlikuwa na nafasi za kuchomeka kadi za ziada, na nje yake kiliuzwa kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi zote na hata orodha ya maagizo ya programu ya kuwashia mashine. Mtu mwenye bisibisi ya kawaida, mita na kitabu hicho alikuwa na karibu kila kitu alichokuwa nacho fundi wa IBM.

Compaq na wengine wakaiga mashine hiyo, na katika miaka michache spea za kompyuta zikawa bidhaa ya rejareja. Pawasaplai ya kampuni hii iliingia katika kasha la kampuni ile. Kumbukumbu ya RAM iliuzwa kwa kipande. Biashara ya nje ilipofunguliwa Afrika Mashariki miaka ya 1990, kompyuta za aina hii, mara nyingi zilizokwisha kutumika Ulaya au kupitia Dubai, ndizo zilizojaza ofisi, shule na vyumba vya intaneti vya Mombasa, Arusha, Kampala na Bujumbura. Zilipofika, waranti ilikuwa imekwisha zamani. Mwenye mashine hakuwa na mtengenezaji wa kumwendea. Alikuwa na fundi, na fundi alijifunza kwa kufungua.

Apple ilikuwa imetoka upande uleule. Apple II ya mwaka 1977 ilikuwa na mfuniko wa kubandua kwa vidole, nafasi nane za kadi, na kitabu chenye mchoro wa saketi. Kisha tarehe 24 Januari 1984 ikaja Macintosh. Skrubu zake mbili za juu zilijificha ndani kabisa ya shimo la mpini, na vichwa vyake vilikuwa vya nyota ya pembe sita. Bisibisi ya kawaida haikufika, na iliyofika haikukamata. Aliyefanikiwa kuzitoa alihitaji bado kifaa cha kutanua kasha ili liachane bila kuchubuka. Na ndani ya kasha hilo, kwenye plastiki ya nyuma, alikuta sahihi za watu walioiunda, zilizochorwa kwenye kalibu mahali ambapo mnunuzi wa kawaida hakutarajiwa kuzifikia. Skrini ya kioo kizito ilibaki na umeme mkali hata baada ya kuchomolewa, kwa hiyo tahadhari ilikuwa na sababu. Ila ile skrubu ilisema zaidi ya tahadhari. Ilisema mashine hii ina wenyewe.

Miaka ya 1990 ugomvi ulirudi mahakamani, na kesi mbili zinastahili kukaliwa. Ya kwanza haikuhusu kompyuta bali mashine za fotokopi. Kodak ilikuwa imeacha kuwauzia spea mafundi wa kujitegemea waliohudumia mashine zake kwa bei nafuu. Ilijitetea kwamba soko la mashine mpya lina ushindani wa kutosha, hivyo mteja asiyeridhika anunue za kampuni nyingine. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ilikataa kuifuta kesi kwa hoja hiyo. Mtu aliyekwisha kutoa fedha nyingi kununua mashine, mahakama ilieleza, amefungwa nayo. Hawezi kuitupa kila bei ya matengenezo inapopanda. Mwaka 1995 baraza la wazee wa mahakama likawapa ushindi mafundi.

Ya pili ni MAI dhidi ya Peak, ya mwaka 1993. Hapa jina lile linarudi. Warithi wa kampuni iliyopata riziki kwa mashine za IBM sasa walikuwa watengenezaji wa kompyuta zao wenyewe. Peak ilikuwa kampuni ya California yenye wateja zaidi ya 100, na kuanzia nusu ya kazi zake hadi asilimia 70 ilitokana na kuhudumia kompyuta za MAI. MAI ikaishtaki. Hoja iliyoshinda ni ya kushangaza hadi leo: fundi wa Peak anapofika kwa mteja na kuwasha mashine, programu endeshi husafiri kutoka kwenye diski kwenda kwenye kumbukumbu ya RAM. Kusafiri huko ni kutengeneza nakala. Leseni ya programu imempa mteja ruhusa ya kutengeneza nakala, haikumpa fundi. Basi fundi amevunja hakimiliki kwa kubonyeza swichi. Mahakama ya Rufani ilikubali.

Ilichukua miaka mitano kurekebisha jambo hilo. Sheria ya hakimiliki ya kidijitali iliyotiwa saini Oktoba 1998 iliweka kifungu kinachomruhusu mwenye mashine, au mtu aliyetumwa naye, kuiwasha kwa ajili ya matengenezo, mradi nakala ile ifutwe kazi ikiisha. Lakini sheria hiyohiyo ilikataza kuvunja kufuli za kidijitali zinazolinda programu. Kwa mkono mmoja ilimrudishia fundi swichi, kwa mkono wa pili ikampa mtengenezaji kufuli mpya ya kumzuia. Kufuli hiyo ndiyo inayosumbua mpaka sasa.

Mwaka 2003 wanafunzi wawili wa chuo kikuu huko San Luis Obispo, California, Kyle Wiens na Luke Soules, walijaribu kutengeneza kompyuta ya iBook iliyoharibika, wakakosa kitabu cha maelekezo. Vitabu vya Apple vilikuwa kwa ajili ya mafundi wake, na vilivyowekwa hadharani viliondolewa kwa barua za mawakili. Wakaifungua kwa kubahatisha, wakaanza kuuza spea, kisha wakaandika maelekezo yao wenyewe yenye picha na kuyatoa bure. Kampuni yao, iFixit, ikawa shule ya watu wasiohesabika. Fundi wa Mwanza aliyewahi kutafuta njia ya kutoa kioo bila kukipasua huenda alisomea hapo bila kujua majina ya waanzilishi.

Wakati maelekezo yanazidi kupatikana, mashine zenyewe zilikuwa zinajifunga. MacBook Pro ya Juni 2012, ile ya kwanza yenye skrini ya Retina, ilikuja na RAM iliyolehemiwa kwenye bodi, betri iliyogandishwa kwa gundi na skrubu za pembe tano zilizohitaji bisibisi ya pekee. iFixit waliipa alama 1 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengenezeka. Watengenezaji wengine walifuata, na wembamba ukawa sifa ya kwanza ya matangazo. Miaka michache baadaye hata hifadhi ya data ilianza kulehemiwa, kisha ikafungwa kwa ufunguo wa siri ulio ndani ya chipu ya usalama. Siku bodi inapokufa, picha za harusi na hesabu za duka hufa nayo, isipokuwa bodi yenyewe ifufuliwe.

Hapo ndipo tofauti ya kweli kati ya njia mbili, ya fundi wa kujitegemea na ya mtengenezaji, ilipo, na inaonekana vizuri ukisimama karibu na meza ya fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, Nairobi. Chai ya sukari imemwagika kwenye kibodi, mashine haiwaki. Fundi anafungua mfuniko wa chini, anachomoa betri kabla ya jambo lolote, kisha anaweka ncha za mita kwenye njia kuu ya umeme. Mita inalia: pana shoti. Bodi ina mamia ya vifaa vidogo kama chembe za mchanga, na kimoja tu ndicho kibaya. Anapaka spiriti juu ya eneo lote, anapitisha umeme wa kama volti moja kutoka pawasaplai yake, anainama kuangalia. Spiriti imelowesha kila mahali, ila sehemu moja inakauka haraka kuliko nyingine, kwa sababu kapasita iliyokufa inapata moto. Anaing'oa kwa hewa ya moto. Anapima tena, na mita iko kimya.

Kituo kilichoidhinishwa na mtengenezaji kwa kawaida hakifanyi hivyo. Hubadilisha bodi nzima kwa bodi mpya yenye waranti, na bei yake inaweza kukaribia ya mashine nyingine. Kazi ni safi, inaandikwa kwenye kumbukumbu za kampuni, na ikiharibika tena ndani ya muda mteja ana pa kulalamika. Kilichopotea ni data, na kile kipande cha bodi ambacho hakikuwa na tatizo.

Haitakuwa haki kumsifu fundi wa mtaani bila kutaja udhaifu wake. Spea bandia zimejaa, betri za bei rahisi huvimba, na fundi asiyejua huchoma bodi nzima akitafuta kapasita moja. Sehemu ya lawama hizo, hata hivyo, inarudi kwa watengenezaji, ambao huwakataza baadhi ya wauzaji wa chipu kuuza kwa mtu mwingine. Fundi hubaki kununua mashine zilizokufa ili azinyofoe spea.

Zipo pia nyakati ambapo jibu sahihi ni mtengenezaji, bila mjadala. Agosti 2006 Dell iliita betri milioni 4.1 za kompyuta zake mpakato zirudishwe, na mwezi huohuo Apple ikaita milioni 1.8, kwa kuwa seli za ndani zilikuwa za Sony na ziliweza kuwaka moto. Februari 2015 Apple ilikubali kutengeneza bure MacBook Pro za mwaka 2011 na zilizofuata zenye hitilafu ya chipu ya picha, na Juni 2018 ikafanya vivyo hivyo kwa kibodi zilizokwama kwa sababu ya vumbi. Mtu aliyelipa fundi kwa hitilafu kama hizo alilipia kosa la kiwandani. Inafaa kila mwenye mashine aulize kwanza kama aina yake imeitwa. Tatizo la Afrika Mashariki ni umbali: Apple haina duka lake lenyewe katika ukanda huu, bali mawakala walioidhinishwa katika miji michache. Kwa wengi duka la kampuni lililo karibu zaidi liko Dubai.

Hoja nyingine iliyowatisha wateja kwa muda mrefu ni waranti. Kibandiko kinachosema kwamba dhamana imekufa kikiondolewa kimekaa juu ya skrubu za mashine nyingi. Huko Marekani sheria ya mwaka 1975 inakataza mtengenezaji kuifunga dhamana kwa sharti la kutumia spea au huduma yake pekee, lakini vibandiko viliendelea. Aprili 2018 Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliandikia makampuni sita kuyaonya, yakiwemo Microsoft, Sony, Nintendo na Asus. Mei 2021 tume hiyo ikatoa ripoti kwa Bunge: ilipima sababu wanazozitoa watengenezaji kuwazuia mafundi wa nje, za usalama, siri na ubora, ikakuta ushahidi wake ni haba.

Kuanzia hapo sheria zilikuja kwa kasi. New York ilipitisha ya kwanza ya vifaa vya elektroniki, ikatiwa saini Desemba 2022, lakini makali yake yalipunguzwa dakika za mwisho: mtengenezaji aliruhusiwa kuuza kipande kizima kilichounganishwa badala ya kifaa kimoja kimoja. Kwa yule fundi wa kapasita, ruhusa hiyo inamaanisha auziwe bodi. California ilifuata mwaka 2023, safari hii Apple yenyewe ikiunga mkono muswada, na kudai spea na maelekezo yapatikane kwa miaka saba kwa vifaa vya dola 100 na zaidi. Mwaka 2024 Oregon ikagusa kile ambacho wengine walikiacha: ndoa ya spea na mashine, ambapo kioo au betri halali hukataliwa kwa sababu namba yake haijasajiliwa na mtengenezaji. Ufaransa tangu Januari 2021 inawalazimisha wauzaji wa kompyuta mpakato kuonyesha alama ya urahisi wa kutengenezeka pembeni ya bei, kabla mnunuzi hajatoa fedha.

Apple ilianza mwaka 2022 kuuza spea, kukodisha vifaa na kuweka wazi vitabu vya ufundi kwa mtu binafsi, kwanza simu, kisha kompyuta. Vitabu hivyo fundi wa Zanzibar au Goma anaweza kuvisoma leo, ukurasa kwa ukurasa, mambo ambayo Wiens na Soules waliyakosa mwaka 2003. Spea za mpango huo ni jambo lingine. Zinaagizwa Marekani na katika nchi nyingine, nyingi zikiwa za Ulaya, na hakuna nchi ya Afrika Mashariki katika orodha. Fundi anaendelea kuzitafuta kwa wasafiri wa Dubai na Guangzhou, au ndani ya mashine iliyokufa juu ya rafu yake.